Hawakumsubiri Amalize

Kitangari, Newala

Kaka yangu Fikirini,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba mikorosho ya huko Lukuledi imeanza kuchanua. Sisi tupo, tunapumua. Ulipokuja msibani hatukupata nafasi ya kukaa wawili, na kwa simu nitaishia kulia tu.

Ulisikia watu wakisema mwanangu Yassini alitumbukia kisimani huku dada yake anacheza. Si kweli. Binti yangu Sijaona aliacha shule kwa sababu ya wenzake kuiga kigugumizi chake, kwa hiyo tukienda shamba yeye ndiye anayebaki na mdogo wake. Siku ile kisima chetu cha maji ya mvua kiliachwa bila kifuniko. Mtoto alipotumbukia, Sijaona alikimbilia shuleni, maana ndiko kulikokuwa na watu wazima karibu.

Aliingia darasani anahema. Mwalimu akamuuliza anataka nini. "Ki-ki-ki..." Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akamwambia akae mlangoni, atasema akishatulia. Sijaona akamvuta mwalimu gauni, akatolewa nje. Ndipo akanifuata shambani. Sikumuuliza kitu, nilimtazama usoni nikatupa jembe. Tulimkuta Yassini anaelea.

Tangu tumzike, Sijaona hakutoa sauti. Baba yake hamtazami. Mawifi wanasema ana shetani wa kufunga ulimi. Mwalimu alikuja akalia mkekani kwangu.

Juzi tukiosha vyombo akaanza mwenyewe. Akakwama, akaanza upya, akakwama tena. Nikangoja. Kaka, Yassini hakufa papo hapo. Alikuwa ameshika kamba ya ndoo, anamwita dada yake. Sijaona alimvuta akashindwa, akamwambia, "Shika, nakuja." Alimwacha hai.

Baba yao Halfani anaamini mtoto aligonga kichwa, akafa bila kuteseka. Hilo ndilo linalompa usingizi. Nikinyamaza, binti atabeba lawama maisha yake yote. Nikisema, sijui Halfani atamfanya nini mwalimu yule, wala atajifanyia nini mwenyewe. Wewe ndiye mjomba, njoo Ijumaa. Sijaona amekubali kumweleza baba yake kwa kinywa chake, ukiwepo. Itachukua muda. Nakuomba usimmalizie maneno.

Wasalimie wote hapo nyumbani, nasi tunakungoja.

Mdogo wako,
Rahima, Mama Sijaona