Kabla Msiba wa Baba Haujaondolewa

Nyegezi, Mwanza
20 Septemba 2025

Mdogo wangu Justina,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mvua imekwisha kuanza huko Kanazi, maana juzi Mama alinilalamikia kwenye simu kuwa mbegu za maharage ziko tayari kwenda ardhini lakini ardhi yenyewe haiko tayari. Mimi mwilini sina tatizo. Mfikishie Mama shikamoo yangu, na Shangazi Rozalia pia, ambaye nasikia alikuja msibani kutoka Kibimba kwa wiki moja na hadi leo hajaonesha dalili ya kurudi. Kaka Aristides mwambie salamu zake zimenifikia, hata ile ya kuniita "mheshimiwa wakili" mbele za watu, akijua vema kwamba siipendi.

Ujumbe wako wa sauti niliupata mwishoni mwa Agosti. Uliniuliza mambo mawili: kama ufungue sasa shauri la kumdai Gozbert fidia au usubiri mpaka tuondoe msiba wa Baba, na kama mimi, kwa kuwa ni wakili na ni dada yako, nitakusimamia mahakamani. Majibu yangu ni haya. Usisubiri. Na sitakusimamia. Nimechagua karatasi badala ya simu kwa sababu simu yako mara nyingi huwa mkononi mwa Mama, na kwa sababu nataka uweze kuyasoma haya tena hasira zako zikishapungua.

Nianze na la kusubiri. Kaka amenisimulia kikao chote mlichokaa nyumbani kuhusu jambo hili. Alisema si yeye anayekuzuia, ni desturi: kwetu nyumba yenye msiba haimshitaki mtu wala haidai kitu mpaka mwaka utimie, wafiwa wanyolewe, pombe ya ndizi inywewe, ndipo ugomvi upewe nafasi. Siku hiyo imepangwa katikati ya Januari. Alisema pia kwamba Shangazi aliwachekesha wote aliposema boma la Wajerumani limesimama pale Biharamulo tangu baba yake hajazaliwa, kwa hiyo mahakama iliyo jirani na boma hilo nayo haitakimbia tusipokwenda mwaka huu. Nawe ukamjibu kwamba boma kweli halina miguu, ila Gozbert ana gari. Nimelicheka jibu lako peke yangu ofisini. Hata hivyo wewe na Shangazi mmekosea mahali pamoja. Kinachokimbia si mahakama wala Gozbert. Ni muda wako.

Sheria ya ukomo haijui matanga. Inataka madai ya fidia ya namna yako yafunguliwe ndani ya miaka mitatu. Kwa aliyetendewa akiwa mtoto, miaka hiyo haihesabiwi tangu siku ya tendo, bali tangu siku anapotimiza miaka kumi na minane. Wewe uliitimiza tarehe 28 Novemba 2022. Ukingoja pombe ya Januari utafika mahakamani na ukweli wako wote, na hakimu hatakuuliza Gozbert alikufanya nini. Atauliza tarehe, kisha atalitupa shauri. Mtu anaweza kumwomba waziri wa sheria amwongezee hadi nusu ya muda, lakini huo ni mlango wa kubisha, si wa kuingia. Jalada la jinai lililoko polisi ni jambo jingine. Hilo halifungwi na ukomo huu, liache liende mwendo wake. Kama kuna atakayesema umemvunjia Baba heshima kaburini, mwambie aliyekutuma ni mimi.

Utajiuliza kwa nini jambo la wazi namna hii limenichukua wiki tatu kuliandika. Sababu ni wivu. Nimelitafutia neno la heshima zaidi, sikulipata.

Nakuonea wivu, Justina, na si tangu leo. Mwaka jana ulipomweleza Mama kwamba Gozbert, yule mgeni aliyepanga chumba chetu cha uani miaka yote ile, mtu wa kuheshimiwa aliyekuwa karani wa ghala katika kambi ya wakimbizi ya Lukole na aliyekufundisha hesabu ulipokuwa darasa la tatu, ndiye aliyekuharibia utoto wako, Mama hakukuuliza swali hata moja. Aliacha ulezi alioanika uani, kuku wakala, akajifunga kitenge cha pili kiunoni, akapanda basi la Biharamulo, akasimama mbele ya nyumba ya wageni ya Gozbert na kumwita kwa jina lake mpaka wateja wakatoka na mataulo mabegani. Mama mwenyewe ndiye aliyenipigia kunieleza, kwa sauti ya fahari ambayo sijawahi kuisikia kwake. Nikamjibu kwamba amefanya vema. Kisha nikakata simu, nikakaa ndani ya gari nje ya mahakama mpaka mlinzi akaja kugonga kioo kuuliza kama naumwa.

Nakuonea wivu kwa kuwa Mama alihamishia kitanda chake chumbani kwako. Kwa kuwa Baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alikuita siku zake za mwisho akakuomba radhi ukiwa umemshika mkono; mimi aliniuliza kama barabara ya Biharamulo ilikuwa nzuri. Nakuonea wivu hata kwa neno lenyewe. Ninyi mlikuwa na klabu shuleni, mwalimu akawatajia kitendo kile kwa jina lake, nawe ukalitamka mbele ya polisi bila kuinamisha kichwa. Wakati wetu wasichana tuliambiwa tukae tumebana miguu, na hapo somo likaisha.

Na zaidi ya yote nakuonea wivu kwa kitu ambacho pengine hujakifikiria. Katika ujumbe wako ulisema hutaki mali yake, unataka ajibu. Shauri likisajiliwa, Gozbert atapelekewa hati yako, na atalazimika kuleta utetezi wa maandishi, aya kwa aya, chini ya jina lako wewe mdai na jina lake yeye mdaiwa. Hawezi kucheka na kubadilisha mazungumzo kama alivyozoea mezani kwa Baba. Akinyamaza, mahakama inaweza kuendelea bila yeye. Nimewaandalia watu wengi hati za namna hiyo, na kila mara mkono wangu umekuwa mzito kidogo ninapofika penye jina la mdai.

Utakuwa umekwisha kukisia, lakini niliandike mwenyewe. Gozbert alihamia kwetu kabla hujazaliwa. Mwaka ulipozaliwa, Mama akiwa ndani na wewe kichanga, kazi ya kupeleka chakula chumba cha uani ilikuwa yangu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Alichokutendea wewe alianza kwangu. Nilimwambia Mama kwa maneno niliyokuwa nayo, kwamba sitaki kumpelekea mgeni chakula tena kwa sababu ananishika. Alikuwa akikunyonyesha. Akasema nisimletee Baba fedheha kwa mtu anayetusaidia ada, kisha akanipa sahani.

Sikusema tena. Nilikwenda bweni, nikaenda chuo, nikachagua sheria. Nilikuwa mwaka wa pili, nina miaka ishirini na mitatu, mhadhiri alipofika kwenye somo la ukomo. Alitoa mfano wa mtoto aliyegongwa na gari, akatueleza lini muda wake unaanza na lini unakwisha. Niliacha kuandika nikaanza kuhesabu. Muda wangu ulikuwa umekwisha miaka miwili kabla sijajua kwamba niliwahi kuwa nao. Hata ile nusu ya waziri ilikuwa imeshapita. Mhadhiri akauliza kama kuna mwenye swali. Nikanyoosha mkono, nikauliza kuhusu yule mtoto aliyegongwa na gari.

Hivyo ujumbe wako ulipokuja nikahesabu tena, safari hii kwa ajili yako, nikakuta kwamba wewe muda bado unao. Kwa wiki tatu nimekaa na siku zako kama mtu aliyeokota kitu cha mwenziwe akajikuta akikijaribu mwilini. Sikukusudia zikuishie. Lakini sikuharakisha kuzirudisha, na hilo sina utetezi nalo.

Sasa utaelewa kwa nini sitakusimamia. Kanuni za kazi yetu hazimruhusu wakili kuendesha shauri ambalo yeye mwenyewe atakuwa shahidi wake. Nikivaa joho nitapata nafasi ya kumhoji Gozbert ana kwa ana, na siwezi kukueleza ni mara ngapi nimeyapanga maswali hayo kichwani nikiwa jikoni. Lakini nikilivaa, sitaruhusiwa kusema lolote kuhusu chumba cha uani. Gozbert atadai kwamba umebuni, kwamba Kaka amekutuma kwa sababu ya ugomvi wao wa shamba. Nikisimama kama shahidi, itambidi aeleze pia ni nani aliyenituma mimi, wewe ukiwa bado hujaota jino.

Joho atalivaa Juvenali, wakili mwenzangu wa Biharamulo, mtu makini asiyependa kusikia sauti yake mwenyewe. Hati ya madai nimeiandika mimi, yeye ameipitia na kuisahihisha mahali pawili, na kwa kweli alikuwa sahihi. Nenda kwake Alhamisi ukaitie sahihi. Beba cheti chako cha kuzaliwa. Usimdanganye Shangazi unakokwenda; mwambie unaenda kuona kama boma bado lipo. Mimi Jumatatu nitakwenda polisi kutoa maelezo yangu, kwa kuwa mlango wa jinai haujafungwa hata kwangu.

Usimwambie Mama kabla sijafika. Kwa muda mrefu niliamini kwamba alikuamini upesi kwa sababu wewe ni kitinda mimba na ulizaliwa mzuri kuliko mimi. Usiku wa jana, nikiandika barua hii, nimeona vingine. Nadhani alikuamini upesi kwa sababu alikuwa ameshaambiwa mara moja. Alikuwa na miaka ishirini ya kuifikiria sahani ile. Kama ndivyo, basi imani uliyoipata wewe ilitoka kwangu, na sijui bado kama hilo linaupunguza wivu wangu au linauongeza. Nitamuuliza mwenyewe, tukiwa wawili, na safari hii hakutakuwa na simu ya kukata.

Nitafika Kanazi Jumamosi ijayo Mungu akipenda. Niambie kama mnahitaji chumvi na sabuni. Wasalimie majirani wote walioniulizia, na Kaka mwambie akiniita tena mheshimiwa nitaitika.

Ni mimi dada yako, na shahidi wa pili wa mdai,

Tecla