Ramani Imempa Aidan Shamba Langu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na jina langu usilitafute maana sijaliandika, hapa Lituhi hata kuku wanasikiliza kipindi chako, sema tu mzee mmoja mzuri wa sura. Niliishia darasa la nne lakini ramani naisoma, na ndilo balaa lenyewe, mjukuu wangu Devotha wa ofisi ya ardhi kaniletea zawadi, nakala ya ramani iliyochorwa kabla sijaoa, milima imezungushiwa mistari kama alama za vidole, na mto Ruhuhu unavyoingia ziwani, kila mkondo kwa bluu. Sasa mshauri, mpaka wangu na jirani yangu Aidan ni mto, ndivyo walivyopatana baba zetu, na mafuriko ya mwaka tisini yakauhamisha, shamba lake la mpunga likajikuta upande wangu, nikalima, akilalamika namwambia mto umeshahukumu, kakate rufaa kwa mamba. Ramani inaonyesha mto ulipita hapa chini ya nyumba yangu, shamba ni lake, nami nilijua siku zote, na mwezi ujao wapimaji wanakuja kuandika hati, ramani nimeilalia chini ya godoro. Lakini si mpunga unaonisumbua, tangu mke wangu Edina afariki ni Aidan tu anayevuka na mtumbwi kila Jumapili baada ya misa, tunagombana mpaka chai inapoa, na juzi kasema, "We mwizi, nimechoka, lichukue, sitakuja tena." Nifanyeje?

Mama Mektilda anajibu:

Shikamoo babu, na pole kwa Edina. Umeficha jina, ukamtaja Aidan, mjukuu, mto na godoro! Lituhi nzima imeshakujua, na Aidan naye ana redio. Wewe si mjinga, ulitaka nikusemee. Nusu nimeshasema. Nusu iliyobaki kaiseme mwenyewe.

Umemnyang'anya mwenzio shamba miaka thelathini na tano ili umpate wa kugombana naye? Aibu, babu! Mtu huitwa kwa jina lake, akaambiwa, "Njoo, nimekukumbuka."

Toa ramani. Panda mtumbwi leo, zamu hii uvuke wewe. Mwambie shamba ni lake, na mbele ya wapimaji utasema hivyo hivyo. Kisha kaa chini, umwache akutukane mpaka amalize. Usimkatize.

Na Jumapili usimsubiri. Rudi tena.