Machozi ya Ijumaa na Bisi za Kiwanda

Shangazi Loretta, niokoe kabla ya Jumatatu.

Mimi ni mwalimu wa historia hapa kwetu Iowa, na kila Ijumaa baada ya masomo huwaonyesha wanafunzi filamu za nchi za mbali ili wayajue matatizo ya dunia, anayekuja nampa alama za nyongeza na bisi za bure, ambazo hutolewa kwa hisani ya kiwanda cha kuku kilicho ng'ambo ya barabara, na Ijumaa iliyopita tuliangalia kina mama wa Asia wanaomenya kamba wa baharini mpaka vidole vinagoma kukunjika, watoto wakalia, hata mimi nikalia, kisha nikauliza kama kawaida yangu, "Tuwafanyie nini watu hawa?" ndipo Yesenia, msichana wa miaka kumi na sita, akasema, "Mwalimu, vidole vile anavyo mama yangu. Yuko hapo ng'ambo." Brody akamkatiza, "We naye! Hii ni habari ya Asia." Yesenia akamgeukia, "Kwani kuku unaowala wewe wanajikata wenyewe?" Darasa likacheka, kisha wengine wakazisukuma bisi kando. Sasa habari imefika kiwandani, mkuu wa shule ananiambia, "Wendell, huyo binti aombe radhi kwa maandishi Jumatatu, la sivyo hakuna bisi wala filamu," nami sitaki kazi yangu ya miaka sita ife, kwa hiyo barua ya radhi nimeshamwandikia, imebaki sahihi yake tu, lakini kila nikiitazama tumbo linanisokota. Je, nakosea?

Wendell H.

Wendell,

Tumbo lako lina akili kukuzidi. Lisikilize.

Miaka sita unawauliza watoto "Tufanye nini?" na siku mtoto mmoja alipokujibu, ukamwandalia karatasi ya kujutia. Huruma yako inavuka bahari bila kulowa, ila kuvuka barabara moja yenye taa imeshindwa! Najua unaogopa. Mji huu mzima unakiogopa kiwanda kile. Lakini mtu mzima hajifichi nyuma ya mtoto. Na tazama: jina la binti nimelibadilisha mimi kabla ya kuichapa barua yako gazetini. Wewe uliliandika kamili, la kwako ukalikata likabaki H.

Ichane barua hiyo leo. Jumatatu ingia kwa mkuu peke yako, umwambie swali lilikuwa lako na jibu lilikuwa la haki, kisha uliandike hilo na kulitia sahihi kwa jina lako lote. Kabla ya hapo nenda kwa mama yake, kwa adabu, umuulize anaogopa nini na anataka nini. Usimkokote mbele ya darasa awe filamu yako ya wiki ijayo. Kibarua kinachoweza kuota nyasi ni chake, si chako. Akikuambia usimtaje, usimtaje.

Na Ijumaa onyesha filamu ileile, uulize swali lilelile. Mwenye njaa aje na bisi zake.