Mkate Ukutani

Tashkenti, mji mkongwe

Kaka yangu Ilhom,

Assalaamu alaykum. Hujambo huko Moscow? Kile kifua kimepona? Mimi mzima. Mama naye hajambo, ni goti tu linamsumbua. Mdomo wake haujambo kabisa, unaujua. Anakusalimu na anauliza kama unavaa soksi za sufu alizokutumia au umewagawia watu.

Sasa kaa kitako. Nimenunua nyumba.

Ndiyo, mimi Zulhumor, mshona mapazia, yule uliyesema hawezi kununua hata kuku bila kupunjwa. Kila ukipiga simu wimbo ni uleule: utarudi ukishapata nyumba ya kumweka Mama, huwezi kurudi mikono mitupu. Mwaka huu wimbo huo umenichosha. Nikasema, kama kinachomzuia kaka yangu ni nyumba, basi nyumba itapatikana, nione atasema nini tena.

Na kulikuwa na ile safari yetu ya kula. Unaikumbuka? Tulikuwa tukilala juu ya kitanda cha uani tukiipanga: sambusa za Jizakhi, mkate mzito wa Samarkandi, tambi za kijani za Khiva, kisha turudi hadi Ferghana kwa pilau ya mchele mwekundu. Nimeipanga upya, niondoke matikiti yakiiva. Lakini Mama alikataa katakata. Alisema msafiri lazima ang'ate mkate auache ukutani umsubiri, na ukuta uwe wetu. Ukiuacha kwa mwenye nyumba, alisema, utarudi kwa mwenye nyumba. Wako wewe tumehama nao vyumba vyote vya kupanga, umefungwa kitambaani, na kila mara ndio unaotundikwa kwanza.

Basi tukaanza kutafuta. Dalali wetu, Kudrat, alitupandisha maghorofa mpaka goti la Mama likalia. Alisifu lifti, akasifu gesi, akasifu hata kitasa. Mama akamuuliza tanuri liko wapi. Kudrat akacheka, akamwambia, "Mama yangu, mkate si unauzwa hapo chini dukani?" Mama akamjibu, "Na watoto je, nao wanauzwa hapo chini?" Maskini, alishuka kwa ngazi, lifti yake akaisahau.

Nyumba tuliyoipata ni ya udongo, ina ua, mzabibu na tanuri. Mwenyewe ni bibi mjane anayeitwa Oyshahon, anayehamia kwa binti yake. Wenye fedha kutuzidi walikuwa wameshafika wakitaka kuibomoa wajenge maduka. Bibi hakuniuliza nafanya kazi gani. Alinipa donge la unga, akaniambia nibandike mkate kwenye ukuta wa ndani wa tanuri. Kaka, nilijikaza! Niliinama mpaka nyusi zikaungua, nikaubandika, na mkate wenyewe ukaanguka majivuni pwaa! Kudrat akashika kichwa. Nikatia mkono, nikaukung'uta, nikaumega, nikaula na majivu yake. Nilikwisha sema katika nyumba hii siondoki bila jibu. Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Akasema wale wengine hawakukunja hata mikono ya mashati, wakamwambia tanuri litavunjwa. Akatuuzia sisi.

Siku ya kuhamia, Mama hakutaka hata godoro liingie kabla ya mkate wako. Safari zote alikuwa akipanda mwenyewe kuutundika, hataki mtu auguse. Safari hii goti lilikataa, nikapanda mimi. Kitambaa kikafunguka mkononi mwangu.

Kaka, wewe una pengo mbele tangu ulipoanguka kutoka kwenye mti wa mforosadi. Meno yaliyouuma mkate ule hayana pengo.

Nilishuka nikamtazama Mama. Alijifanya anatafuta nyundo, na nyundo ninayo mimi. Halafu akakaa juu ya godoro, akalia. Alisema wako uliliwa na panya katika chumba cha kwanza kabisa, mwaka uleule ulioondoka. Akanunua mwingine, akafumba macho, akakuwaza wewe, akauma. Huo nao ukaharibika, akauma mwingine. Akaniuliza angefanyaje, aache ukuta mtupu ili nawe usikie huna unakorudi? Akaniapisha nisikwambie.

Nimeapa, na ninakwambia. Mungu atanisamehe, na Mama atanipiga kwa soksi. Lakini sitaki udanganyike kwamba kuna mkate unaokulindia njia na kwamba kesho ni siku. Hakuna, kaka. Miaka yote hii ni Mama tu, na meno yake.

Nyumba ipo, kwa hiyo wimbo umekwisha. Tiketi ya treni ya Samarkandi nimekata mbili, ya pili ina jina lako. Mkate wangu nimeshaung'ata, uko ukutani. Pembeni yake nimepigilia msumari mwingine, na Mama nimemkataza kuugusa. Njoo ule, kisha ukitaka kwenda tena, nenda, lakini ung'ate wako mwenyewe. Mama siku hizi amebakiwa na meno manne.

Jirani mpya anakusalimu ingawa hakujui, na Kudrat naye, ambaye siku hizi anakuja kwetu kula mkate. Ujifunike vizuri mpaka tutakapoonana.

Mimi mdogo wako asiyepunjwa,
Zulhumor