Kifaa cha Masikio Nilichomtengenezea Mama

Karakana ya Redio,
Nyuma ya Soko.
14 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Shemeji na mapacha wazima? Kile kifua chako kimetulia? Sisi huku tunapumua tu.

Nina neno la kukuambia, na tafadhali lisome mpaka mwisho.

Unakumbuka nilikwambia masikio ya mama yamekufa, usijisumbue kupiga simu? Nilikosea. Kilichokufa ni kifaa nilichomtengenezea mwenyewe.

Iko hivi. Transista, kile kidude kinachokuza sauti, lazima yenyewe ibakiwe na volti za kutosha, la sivyo sauti inavunjika. Na kadiri unavyoisukuma geti yake, ule mguu wa kuiamsha, kupita pale inapoamkia, ndivyo inavyodai volti nyingi zaidi. Mimi niliisukuma sana, nikitaka mama asikie kwa nguvu. Betri ikiwa mpya, safi. Ikishuka kidogo tu, transista inakosa volti inazodai, na sauti inavunjika.

Mama alilalamika mapema. "Mwanangu, mbona watu siku hizi wanaongea kama wanatafuna mchanga?" Nikakipeleka karakana, nikakipima kwa umeme wa ukutani, ambao haushuki. Kizima! Mara tatu hivyo hivyo. Nikamwambia, "Mama, mashine haina kosa. Ni uzee." Akaniamini, maana mimi ndiye fundi. Akaacha kuongea na majirani. Na wewe ukaacha kupiga.

Mwezi jana Miwani, mwenzangu wa karakana, alikipima na betri ile ile ya mama. Akacheka: "We bwana, transista umeinyonga mwenyewe, halafu unamsingizia bibi wa watu!" Sikucheka.

Nimekirekebisha, geti naisukuma kidogo tu. Lakini daktari wa masikio kampima mama wiki iliyopita. Miezi tisa imepita tangu alalamike, masikio yamekaa bila kazi, na kale kausikivu kalikobaki kamekwisha. Kifaa kinafanya kazi vizuri, mdogo wangu, na hakina wa kumsaidia.

Juzi nilimwandikia mama yote haya kwenye karatasi. Akasoma mara mbili. Kisha akauliza, kwa sauti kubwa kama wasiosikia wanavyoongea: "Mdogo wako anajua?"

Nikatikisa kichwa. Akanisukumia kalamu.

Sikuombi unisamehe. Njoo tu akuone, kwa kuwa macho bado anayo.

Nisalimie shemeji, na mapacha uwabusu kwa niaba ya bibi yao. Mungu awalinde kuliko nilivyomlinda mama.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda na kukuonea haya,
Fundi