Nilimfukuza Tai wa Watu

Jumamosi jioni, Kihonda. Kuna rasharasha, magoti yananiwaka moto, na bado nacheka peke yangu jikoni.

Leo nimepanda mlima. Ndiyo, mimi, Mama Zuhura wa kuku, mliyezoea kunisoma hapa nikilia na ugonjwa wa mdondo na pumba mbovu.

Mwanangu Zuhura alikuwa anaongoza wageni peke yake kwa mara ya kwanza. Watu wanne wametoka Dar kuja kumwona tai wa msitu wa Uluguru, yule mkubwa mwenye kishungi cha manyoya kichwani, anayekamata kima. Ni adimu, wengine hupanda na kushuka bila kumwona. Bosi wake alishamwambia: wageni wakirudi wamenuna, asitegemee kupewa kundi lingine. Mpishi wao akaugua asubuhi, nikabebeshwa mimi chapati na chai.

Tukakaa ukingoni mwa bonde. Ng'ambo yake kulikuwa na mti mrefu wenye kiota. Zuhura akatuonya hata kukohoa tujizuie. Nikawa nafunua sufuria yangu taratibu, na hapo kivuli kikapita juu yetu.

Jamani, miaka yote hii ya kufuga! Mkono haukuniuliza. Niligonga mfuniko kwa kijiko nikapiga ukelele: "Swaaa! Mwewe huyooo! Swaaa!"

Tai akageuka, akapotelea nyuma ya mlima.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Baba mmoja mwenye kamera kubwa akasonya, akauliza huyu mama ametokea wapi. Nikainamia chapati zangu, machozi yananilenga. Nimemharibia mtoto kazi, tena mimi niliyemzaa.

Zuhura hakufoka. Kwa sauti tulivu ambayo nyumbani sijawahi kuisikia, alisema, "Ana kinda pale kiotani, atarudi. Naomba tuvute subira." Akanishika bega. "Na huyu ni mama yangu. Nilipokuwa mdogo alikuwa ananiweka uani nilinde vifaranga. Kuangalia juu nilianzia hapo."

Nikairudishia sufuria mfuniko wake, safari hii bila kelele.

Tukangoja. Nilijiziba mdomo kwa kanga, nikasoma kila dua ninayoijua. Ukungu ukaja ukatufunika, nikajua basi, imeisha. Ulipofunguka, tai alikuwa amesimama kwenye kiota, kishungi kimemsimama, mawindo yananing'inia miguuni. Mkubwa, mashallah! Kinda likanyoosha shingo. Zuhura akawa anawaeleza kwa kunong'ona, na watu wazima wenye mvi zao wanamsikiliza yeye, mwanangu, niliyemfunga nepi mimi.

Yule baba wa kamera alimpa Zuhura mkono mara mbili. Kisha akanijia, mpole kabisa, akiomba chapati. Nikampa. Ile iliyoungua.

Sasa nikiri jambo. Tangu Zuhura amalize chuo, watu wakiniuliza anafanya nini, najibu, "Yupo tu, bado anatafuta." Nilikuwa naona aibu kusema mtoto niliyemsomesha anashinda porini anaangalia ndege. Naye alikuwa ananisikia, na hakuwahi kunijibu.

Kesho kuna shughuli kwa wifi yangu. Nawajua wale, hata sahani hazijapoa wataniuliza tena.

Waniulize tu. Mwanangu ana kazi.