Nimetembezwa Toledo, Radhi Sijaitoa

Jumatano, jioni. Joto. Jua la huku halina haraka ya kuzama. Nyinyi nyumbani mshasali Isha, mimi bado linanipiga usoni.

Nimekaa kwenye kiti cha hospitali, Madrid. Mimi mzima. Tulieni, msianze kupigiana simu, nisomeni mpaka mwisho.

Kwanza salamu, maana hata nikiogopa vipi salamu siziachi. Mama yangu, Bi Mwanahawa, huko Makunduchi, shikamoo. Mguu vipi? Rukia atakusomea haya, na wewe Rukia usiruke maneno. Rukia, mwanangu wa mwisho, uliyenifungulia ukurasa huu ukaniambia, "Mama, andika kama unavyosema," haya, nnaandika kama nnavyosema. Wajukuu zangu Nassor na Kauthar, acheni kugombania simu ya mama yenu. Dada Salma wa Mbweni, ile zawadi uliyoniagiza bado sijaitafuta, nisamehe, utaona sababu. Bi Fatma jirani yangu, mrehani wangu uutie maji, lakini usiuchume wote. Na nyinyi mnaonisoma nisiokujueni, asalaam aleikum.

Baba Zuhura, nimekuweka mwisho kusudi. Utajua kwa nini.

Nnaogopa.

Zuhura, kwa asiyemjua, ndiye mwanangu wa kwanza. Anafanya kazi jikoni kwenye hoteli moja hapa Madrid. Alinitumia tiketi nije nikae naye mwezi, nimpikie, nimtazame. Juzi akaniambia, "Mama, nimekulipia matembezi ya siku moja. Toledo, mji wa zamani. Gari yako, mtembezaji wako, peke yako kama malkia."

"Na wewe?"

"Mimi nna kazi, mama."

Mimi muoga tangu utotoni, mnanijua. Kwenda mji nisioujua na mtu nisiyemjua, hata kama nimelipiwa! Lakini na raha nayo iliniingia kidogo. Kwetu Kiponda, mji wa zamani na wenyewe, wageni wanapita mlangoni kila siku, mtembezaji mbele, kofia nyuma. Mmoja anawaambia mlango wetu una miaka mia, wa kesho anasema mia tatu. Mimi nimekaa kizingitini nachagua mchele wangu, wananipiga picha. Nikasema, haya, leo na mimi niwe mgeni, nidanganywe umri wa milango.

Asubuhi Zuhura akanitia chupa ya maji na tende kwenye mkoba. Yeye chai hakunywa. "Nimefunga, mama. Nalipa kadha zangu, siku nilizokula Ramadhani." Nikafurahi. Nikafurahi zaidi kwa ule mtandio wake, kauzungusha mpaka shingoni, ndani ya nyumba, na joto lote hili. Tangu nifike hajauvua mbele yangu. Nikasema moyoni, kumbe Ulaya imemzidishia stara, na sisi tulivyoogopa!

Mlangoni akanishika mkono akaubusu. Hakuuachia.

"Mama, nipe radhi zako."

Nikacheka. "Toka hapa! Unakwenda Hijja wewe? Nenda kazini, utachelewa."

Na yeye akacheka. Nikapanda gari, nikaondoka. Radhi sikuitoa.

Mtembezaji anaitwa Njeri. Mkenya wa Nairobi, kaolewa huku, na Zuhura alimtafuta kwa ajili ya Kiswahili, nisikae siku nzima kama bubu. Kiswahili chake kinachechemea lakini kinafika. Garini nilishika mkanda kwa mikono miwili. Akaniambia, "Mama, relax, mimi si dereva wa matatu." Nikamwambia, "Mwanangu, mimi hata matatu siijui, nnamjua Mungu tu, punguza mwendo." Akacheka, akapunguza.

Toledo, jamani. Mji umekaa juu ya jabali na mto umeuzunguka. Gari inaachwa chini, unapandishwa na ngazi zinazotembea zenyewe, nje, mlimani. Nilikataa. Njeri akanishika kiuno, nikafumba macho nikasoma Kulhuwallahu mpaka juu.

Kule juu nikafumbua macho na kidogo nilie. Vichochoro! Vichochoro vyetu vile vile, ukinyoosha mikono unagusa ukuta huku na huku. Milango mikubwa yenye misumari ya kichwa. Nikaishika ile misumari mmoja mmoja. Bibi mmoja wa makamo ya mama yangu alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni kwake, ananitazama vile vile ninavyowatazama wageni mimi. Nikampungia mkono. Akatikisa kichwa kama anayesema, haya na wewe pita.

Njeri kanionyesha kanisa lao kubwa, kisha msikiti mdogo wa zamani, wa matofali, una nguzo na matao, siku hizi hamsaliwi ndani. Mguu wangu haukujua hayo. Nilifika mlangoni nikavua viatu. Njeri akasema, "Mama, hapa unaingia na viatu tu." Nikavaa. Nikaingia najihisi nimekosa adabu, nikawaombea wanangu kimya kimya, mdomo umefumbwa, maana nilikuwa namwogopa mlinzi.

Njeri kila dakika alikuwa anaangalia simu yake. Nikadhani ndio vijana.

Kisha akanipeleka mahali masista wa Kikristo wanapouza vitamu vya lozi. Nikanunua kiboksi. Tukatoka nje, Njeri akanifungulia. "Si ukule moja, mama?"

"Ntakula kimoja. Hivi vyengine namwekea Zuhura afuturie."

Nikasema hivyo, mkono ukasimama na kile kitamu.

Zuhura hasali.

Wanawake wenzangu mnanielewa. Tangu juzi mswala wake umekunjwa pale pale, na mimi nasali peke yangu. Sikumuuliza, kuna la kuuliza? Lakini asiyesali kwa sababu ile ya kila mwezi hafungi. Halipi kadha wala halipi nini. Nilimfundisha mwenyewe alipovunja ungo, hawezi kusahau hata akae Ulaya maisha.

Basi hakufunga. Na kama hakufunga, kwa nini hata maji hakunywa?

Mimi nilipopasuliwa kumzaa Rukia nilinyimwa hata tone la maji tangu usiku. Nikakumbuka hilo. Nikakumbuka mkono wangu asubuhi alivyoung'ang'ania. Kwetu radhi haiombwi hivi hivi mtu akienda kazini. Anaiomba anayekwenda Hijja, bibi harusi akitoka, mwanamke uchungu ukimshika, na mtu anayekwenda kupasuliwa ambaye hajui kama atatoka.

Nikakumbuka na ule mtandio shingoni.

"Njeri. Mwanangu yuko wapi?"

"Yuko kazini, mama."

"Niangalie."

Hakuniangalia.

"Njeri, na mimi nna umri wa mama yako."

Akaanza kulia yeye kabla yangu. "Aki mama, aliniapisha. Alisema nikurudishe jioni ndio akwambie mwenyewe. Alisema moyo wako hauwezi kukaa kule nje ukingoja." Nikamuuliza wanampasua wapi. Akajishika shingo. Uvimbe, umeota ndani, na ulikuwa unakua.

Nilikaa chini, kichochoroni, kwenye mawe ya watu. Yule bibi wa kiti, maana tulikuwa tumerudi njia ile ile, akainuka, akaniletea kiti chake mwenyewe akanisukumia. Akaingia ndani akatoka na maji. Hakuuliza kitu. Angeuliza nisingemfahamu.

Simu ya Zuhura imezimwa. Njeri akapiga hospitali, akazungumza Kispania chao cha mbio, akanitazama.

"Ameshaingia, mama. Kitambo."

Hapo, jamani, sikuona haya. Niliitoa radhi pale pale, kwa sauti, kiti cha mtu nimekikalia: "Zuhura mwanangu, radhi nimekupa, ya maziwa niliyokunyonyesha na ya kila kitu, duniani na akhera!" Watalii wakageuka. Mmoja alikuwa na kamera. Mpigaji picha apige, nimezoea.

Lakini hata nilipomaliza nilijua haitoshi. Mungu kasikia, sina shaka. Zuhura je? Mwanangu kaingia kule, kalazwa kitandani, wamemfunika, na la mwisho analolikumbuka kwangu ni kicheko. Kaomba, mama yake kamwambia toka hapa.

Kama asingetoka?

Njia nzima ya kurudi nilikuwa naliuliza hilo. Sikushika mkanda. Nilimwambia Njeri akaze mwendo, akaniambia, "Mama, ndio huu mwisho wake." Kile kiboksi cha vitamu tumekiacha kwenye kiti cha yule bibi. Halali yake.

Hapa hospitali tumengoja sana. Huku hakuna baraza, hakuna mtu wa kukuuliza mgonjwa wako nani ukamweleza ukapunguza. Watu wamekaa kila mtu na simu yake. Mnakumbuka hospitali yetu ya Mnazi Mmoja, unaingia na mgonjwa mmoja, unatoka na ndugu kumi? Nilizunguka na tasbihi yangu mpaka Njeri akanikalisha.

Daktari akatoka, kofia bado kichwani. Njeri akanifasiria. Wameutoa, wote, ukubwa wa ndimu. Zuhura yuko salama, kalala. Lakini ule uvimbe wameupeleka ukatazamwe, kama ni mbaya au si mbaya, na majibu si ya leo.

Nikamshukuru Mungu. Kisha hofu ikarudi ikakaa pale pale ilipokuwa.

Nikaruhusiwa kuingia. Mwanangu kafungwa bandeji shingo nzima, kawa mdogo, kama siku zile akiumwa surua. Nikainama sikioni kwake, nikairudia yote niliyoisema kule Toledo, neno kwa neno, pole pole. Sijui kama alisikia. Nikairudia tena.

Baadaye akafungua macho. Sauti imekwaruza, haitoki.

"Toledo kuzuri?"

"Kama Kiponda. Ila hawaadhini. Na wewe nyamaza, huu mchezo wako ukipona ntakulipa."

"Umenipa?"

"Nshakupa. Mara tatu. Kwanza nilitaka kukupa bakora."

Akatabasamu kidogo. Nikamlowanisha midomo kwa pamba, kama walivyonionyesha. Nikadhani kalala tena. Kumbe hakulala, chozi lilikuwa linamteremkia sikioni.

"Baba?" akasema.

Neno hilo tu. Nikamfuta chozi, nikaanza kuandika haya.

Baba Zuhura. Sasa ni wewe.

Najua ulikasirika alipoondoka bila ya wewe kusema ndiyo. Tangu siku ile hujazungumza naye kwa mdomo wako. Ni "mwambie mwanao", na yeye "mwambie baba", na mimi katikati nimebeba maneno yenu kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi wa moto, nakuogopa wewe, namwonea huruma yeye. Sikukulaumu na leo sikulaumu. Ila nimechoka kubeba, na hili si la kubebwa na mtu. Radhi ya baba mama haitoi. Ingekuwa inawezekana ningeshaitoa mchana, pale kwenye kiti.

Sijui majibu ya daktari yatasema nini. Nnaogopa hata kuyawaza. Yakiwa mazuri, asikie sauti yako afurahi. Yakiwa mengine, sitaki ayapokee akiwa bado anangoja kwako.

Kwa hiyo usinitumie salamu kwa Rukia. Usinitumie na kile kidole gumba chenu cha kwenye simu. Rukia akuonyeshe pa kubonyeza, umpigie mwanao, uzungumze mwenyewe, maneno mawili yanatosha. Najua utasafisha koo kwanza. Safisha, lakini usikae sana. Mimi radhi nilikuwa nayo mdomoni nikaenda nayo mpaka Toledo, nusura nirudi nayo.

Mama huko Makunduchi, dada Salma, Bi Fatma, tuombeeni, na mkimwona baba Zuhura kashika simu mpisheni, msimsimamie.

Simu ya Zuhura nimeiwasha mimi, nimeipandisha sauti mpaka mwisho, nimeiweka juu ya mto, karibu na sikio lake. Jibu upesi, baba watoto. Tunasikiliza.